Uzi: Majibu ya maabara yakitaja p53 au BRCA, yanasema nini hasa kuhusu mgonjwa wa saratani ya ovari?

Bandiko la 1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nimeufungua uzi huu kwa sababu ya swali linalorudi humu mara kwa mara. Mwanamke amefanyiwa upasuaji wa uvimbe wa ovari, kinyama kimepelekwa maabara, na majibu yamerudi na mstari unaosema kwamba protini ya p53, mojawapo ya protini zinazoizuia seli isigeuke saratani, si ya kawaida. Au, kwa waliobahatika kupima vinasaba, kwamba jeni ya BRCA1 (mwenza wa BRCA2, zote mbili hurekebisha vinasaba vilivyokatika) ina badiliko. Familia inausoma mstari huo kama hukumu. Msimamo wangu, ambao nitautetea hapa chini, ni kwamba wengi wetu tunaisoma mistari hiyo miwili kinyume. Ule wa p53, katika aina ya saratani ya ovari inayoonekana zaidi, karibu hausemi lolote kuhusu muda ambao mgonjwa ataishi. Ule wa BRCA, ambao huitia ukoo mzima hofu, mara nyingi ni habari ya nafuu kwa mgonjwa mwenyewe, ingawa ni habari nzito kwa dada zake na binti zake.

Tuanze na msingi. Jeni zinazozuia uvimbe ni zile ambazo kazi yake ni kuisimamisha seli isigawanyike ovyo, kurekebisha vinasaba vilivyokatika, au kuiamuru seli iliyoharibika ijiue. Mwaka 1971 Alfred Knudson, akichunguza saratani ya jicho la watoto, alitoa hoja kwamba, kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili za jeni ya namna hiyo, moja ya mama na moja ya baba, lazima zote mbili ziharibike ndipo saratani ianze. Mtoto aliyerithi nakala moja mbovu amebakiza pigo moja tu, na ndiyo maana huugua mapema, mara nyingi macho yote mawili. Hoja hiyo ndiyo inayoeleza BRCA1 na BRCA2 hadi leo. Katika saratani ya ovari pigo la pili mara nyingi huwa ni kupotea kwa sehemu kubwa ya kromosomu ya 17, au nakala yake nzima. Na kwa bahati mbaya TP53 (jeni inayotengeneza p53), BRCA1 na NF1 zote zimekaa kwenye kromosomu hiyohiyo, kwa hiyo hasara moja inaweza kuinyang'anya seli kinga tatu kwa mkupuo.

Jambo la pili ni kwamba jina "saratani ya ovari" limefunika magonjwa kadhaa yasiyofanana. Karibu saba kati ya kila saratani kumi zinazoanzia kwenye utando wa ovari au viungo jirani ni za aina ya serosi ya daraja la juu. Zilizobaki zimegawanyika kati ya endometrioidi, ya seli angavu, ya ute, na serosi ya daraja la chini, ambayo licha ya kushiriki jina na ile ya daraja la juu ni ugonjwa mwingine kabisa: hukua polepole, haina kawaida ya kuharibu TP53, na haisikii sana dawa za kemo. Mtu anayeuliza maana ya badiliko la jeni bila kwanza kutaja aina ya saratani anauliza swali ambalo halijakamilika.

Mwaka 2011 mradi wa Marekani wa kuchora ramani ya jeni za saratani, unaojulikana kwa kifupi chake TCGA, ulichapisha uchunguzi wa sampuli 489 za serosi ya daraja la juu. Katika zile zilizosomwa vinasaba kwa kina, asilimia 96 zilikuwa na badiliko la TP53. BRCA1 au BRCA2 ilikuwa imebadilika katika takriban asilimia 22, ukijumlisha mabadiliko ya kurithi na yale yaliyotokea ndani ya uvimbe wenyewe, na karibu nusu ya sampuli zilikuwa na hitilafu ya namna moja au nyingine katika njia ile ya kurekebisha vinasaba ambayo BRCA inaitumikia.

Sasa fikirini. Kama wagonjwa 96 kati ya 100 wana badiliko lilelile, badiliko hilo haliwezi kumtenganisha atakayeishi miaka kumi na atakayeishi miaka miwili. Zaidi ya hapo, seli zenye p53 iliyoharibika hupatikana kwenye ncha za mirija ya uzazi, zile zinazofanana na matamvua karibu na ovari, katika wanawake ambao bado hawana saratani yoyote. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi leo wanaamini kwamba nyingi ya saratani hizi huanzia kwenye mrija na kuiangukia ovari baadaye. Kuharibika kwa TP53 ni hatua ya mwanzo ya ugonjwa, na hatua ya mwanzo inayowapata karibu wote haitabiri mwisho wa mmoja mmoja.

Kuna kosa jingine la kusahihisha mapema. Badiliko la TP53 lililokutwa kwenye uvimbe wa ovari karibu kila mara limetokea ndani ya uvimbe huo huo na halikurithiwa. Wapo watu waliozaliwa nalo, na hali yao huitwa ugonjwa wa Li-Fraumeni, lakini ni wachache mno, na saratani zao nyingi hutokea sehemu nyingine za mwili na katika umri mdogo. Mstari wa p53 peke yake si sababu ya kuwaita watoto wote wapimwe.

Bandiko la 2

Ndugu mleta uzi, asante kwa somo. Hata hivyo nina pingamizi. Mimi ni muuguzi wa siku nyingi, na tulifundishwa darasani kwamba p53 ikionekana kwa wingi kwenye kinyama ni dalili mbaya na mgonjwa ana maisha mafupi. Makala za miaka ya 1990 zilizosema hivyo zilikuwa nyingi. Zote zilikosea?

Bandiko la 3 (mleta uzi)

Dada, pingamizi lako ni la haki, na jibu lake ndilo sehemu ninayoipenda zaidi katika habari hii yote. Makala hizo zilikuwa nyingi kweli, lakini pia zilipingana: baadhi ziliona maisha mafupi, nyingine hazikuona tofauti, na chache ziliona kinyume. Mgongano wa namna hiyo, ukidumu miaka mingi, kwa kawaida huonyesha kwamba kuna kasoro katika namna swali lilivyoulizwa.

Kasoro ya kwanza ni kuchanganya aina. Ukiwaweka wagonjwa wa serosi ya daraja la juu pamoja na wale wa serosi ya daraja la chini na wa endometrioidi iliyogunduliwa mapema, kisha ukawagawa kwa p53, utakuwa umewagawa kwa aina ya ugonjwa bila kujua. Wenye p53 mbovu wataonekana kufa mapema kwa sababu wengi wao wana ugonjwa mkali uliokwisha kuenea tumboni. P53 ilikuwa kibandiko tu cha ugonjwa huo.

Kasoro ya pili inahitaji kuielewa protini yenyewe. p53 iligunduliwa mwaka 1979, na kwa takriban miaka kumi ilidhaniwa kuwa inachochea saratani, hadi ilipothibitika mwaka 1989 kwamba kazi yake halisi ni kuizuia. Protini hii hufanya kazi ikiwa imeungana nne kwa nne, kama watu wanne wanaobeba machela: mmoja akilegea, machela yote inainama hata kama watatu waliobaki ni wazima. Mabadiliko mengi ya TP53 hubadilisha herufi moja tu ya vinasaba, seli ikaendelea kutengeneza protini ambayo haifanyi kazi na bado inawaharibia kazi wenzake. Protini hiyo mbovu haivunjwivunjwi kama ile nzima, kwa hiyo hurundikana ndani ya kiini cha seli, na ukiipaka rangi, slaidi nzima (kioo chenye kipande chembamba cha kinyama) inang'aa kwa ukahawia. Hiyo ndiyo "p53 nyingi" uliyofundishwa.

Lakini katika sehemu nyingine ya wagonjwa badiliko linaikata jeni katikati, na hakuna protini inayotengenezwa kabisa. Slaidi yao haina rangi hata kidogo. Watafiti wengi wa zamani waliwahesabu wanawake hawa kuwa wana p53 ya kawaida, kwa kuwa haikuonekana, ilhali jeni yao ilikuwa imeharibika sawasawa na ya wenzao. Makundi mawili ya wagonjwa walewale yakashindanishwa. Si ajabu majibu yakayumba.

Kwa hiyo mlichofundishwa darasani kilikuwa ndicho kilichojulikana wakati huo. Na kuna mahali ambapo bado kina ukweli: katika aina ya endometrioidi, ambako wengi wana TP53 nzima, kundi dogo lenye p53 isiyo ya kawaida lina mwenendo mbaya zaidi kuliko wenzao. Pale badiliko lisipokuwa la wote, linaweza kutofautisha.

Bandiko la 4

Naomba niongeze kutoka upande wa maabara ya patholojia, maana ndiko ninakofanya kazi. Alichosema mleta uzi kuhusu slaidi isiyo na rangi ni kweli, lakini kabla hujaandika kwamba p53 imepotea kabisa, lazima uthibitishe kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi. Kinyama kilichochelewa kuingizwa kwenye fomalini (kemikali ya kukihifadhi), au kikubwa kiasi kwamba fomalini haikupenya hadi katikati, kinaweza kutoa slaidi tupu bila TP53 kuwa na tatizo lolote.

Namna ya kujua ni kutazama seli nzima zilizo jirani na uvimbe: seli za kuta za mishipa ya damu, seli nyeupe, na tishu unganishi. Hizo kwa kawaida hupata rangi hafifu, moja moja, nyingine zaidi na nyingine kidogo. Kama hizo zina rangi na seli za saratani hazina, basi p53 imepotea kweli. Kama zote hazina, rudia kipimo. Kuna pia mwonekano wa tatu ambao wengi huukosa, ambapo rangi imekaa nje ya kiini, kwenye mwili wa seli. Huo nao si wa kawaida.

Ripoti inayosema tu "p53 chanya" au "p53 hasi" haimsaidii daktari. Seli nzima kabisa pia huwa "chanya" kidogo. Tunapaswa kuandika kama mwonekano ni wa kawaida au si wa kawaida, na ni wa namna gani. Faida yake kubwa, hasa kwa hospitali ambazo hazina mashine ya kusoma vinasaba, ni kwamba rangi hii ya bei nafuu inamsaidia mpatholojia kuitaja aina ya saratani kwa uhakika zaidi.

Bandiko la 5

Wakuu, mimi ni mwanafunzi. Jambo la BRCA linanitatiza. Jeni iliyoharibika ndiyo iliyomletea mgonjwa saratani. Inawezekanaje jeni hiyohiyo iliyoharibika imfanye aishi muda mrefu kuliko mwenzake ambaye jeni yake ni nzima? Naomba maelezo yenye takwimu.

Bandiko la 6 (mleta uzi)

Kijana, swali zuri, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo jeni inapogeuka kuwa tiba.

Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kwamba jeni ya kurithi ya saratani ya matiti imekaa kwenye kromosomu ya 17. BRCA1 yenyewe ikapatikana mwaka 1994 na BRCA2 mwaka 1995. Kazi ya zote mbili ni kurekebisha DNA pale nyuzi zake zote mbili zinapokatika, kwa kunakili kwa usahihi kutoka kwenye nakala pacha. Mwanamke aliyerithi BRCA1 mbovu ana nakala nyingine nzima katika kila seli ya mwili wake, na hiyo inamtosha. Seli moja ikiipoteza ile nzima, seli hiyo inabaki bila njia sahihi ya kurekebisha, makosa yanarundikana, na saratani inaweza kuzaliwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yanasema kwamba hadi kufikia umri wa miaka 80 takriban asilimia 44 ya wenye BRCA1 mbovu na asilimia 17 ya wenye BRCA2 mbovu hupata saratani ya ovari, ilhali kwa wanawake wa kawaida ni kati ya asilimia moja na mbili.

Lakini udhaifu uliozaa saratani unabaki nayo. Kaboplatini, dawa ambayo ndiyo nguzo ya kemo ya ovari, huua kwa kuzifunga nyuzi za DNA pamoja, na fundo hilo haliwezi kufunguliwa vizuri bila BRCA. Seli za kawaida za mgonjwa, zenye nakala moja nzima, hujirekebisha na kuendelea. Seli za saratani, zisizo na hata moja, hufa kwa wingi. Mwaka 2012 uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, wenye wagonjwa zaidi ya 1,200 waliorithi badiliko na zaidi ya 2,600 wasiokuwa nalo, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano walikuwa hai asilimia 36 ya wasiokuwa na badiliko, asilimia 44 ya wenye BRCA1 na asilimia 52 ya wenye BRCA2.

Usiishie hapo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapodanganywa na takwimu za miaka mitano. Uchambuzi uliofuata mwaka 2015, uliowafuatilia wagonjwa kwa muda mrefu zaidi, ulionyesha kwamba faida hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na kwamba ikifika takriban miaka kumi, faida ya BRCA1 imetoweka. Ugonjwa unaosikia dawa vizuri si lazima uwe ugonjwa uliopona.

Ndiyo maana dawa za kundi la PARP zilibadilisha mazungumzo. Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti yalionyesha, kila moja kivyake, kwamba ukiizuia PARP, protini inayorekebisha mikato midogo ya uzi mmoja, seli isiyo na BRCA hufa huku seli ya kawaida ikistahimili. Olaparibu, dawa ya kundi hilo, iliidhinishwa Marekani na Ulaya mwishoni mwa 2014. Katika jaribio la SOLO-1, lililochapishwa 2018, wanawake 391 wenye badiliko la BRCA ambao ugonjwa wao ulikuwa umeitikia kemo ya kwanza walipewa olaparibu au vidonge visivyo na dawa kwa muda wa hadi miaka miwili. Baada ya miaka mitatu, asilimia 60 ya waliopewa dawa walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea, dhidi ya asilimia 27 ya wenzao. Baada ya miaka saba, asilimia 67 walikuwa hai dhidi ya asilimia 46.5. Hizi ni takwimu za wagonjwa ambao wote waligunduliwa ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na katika saratani ya ovari tofauti kama hiyo ni nadra.

Hiyo haimaanishi kwamba dawa hii ni ya kila mtu. Kwa wagonjwa ambao njia yao ya kurekebisha DNA ni nzima, faida ni ndogo, na matokeo ya mwisho ya jaribio jingine kubwa la dawa ya kundi hilo, niraparibu, hayakuonyesha kwamba iliongeza urefu wa maisha. Dawa za kundi hili huleta upungufu wa damu, na kwa wachache saratani ya damu. Na seli za saratani zina ujanja: mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba baadhi yake hupata badiliko jipya linaloirudishia BRCA uwezo wa kufanya kazi, na kuanzia hapo dawa hugonga mwamba.

Jambo moja dogo lakini la maana. Katika ule uchunguzi wa 2011, karibu sampuli moja kati ya kila kumi ilikuwa na BRCA1 isiyo na badiliko lolote la herufi ila iliyozimwa kwa alama za kikemikali. Ungedhani matokeo yatakuwa sawa, kwa kuwa katika hali zote mbili protini haipo, lakini wagonjwa hao hawakuishi muda mrefu kuliko wenye BRCA nzima. Jeni iliyozimwa inaweza kuwashwa tena. Iliyokatwa ni vigumu zaidi.

Bandiko la 7

Mnatuchosha na BRCA. Hiyo ni jeni ya Wayahudi na Wazungu, sisi Waafrika haituhusu.

Bandiko la 8 (mleta uzi)

Mkuu, hapana. Ni kweli kwamba miongoni mwa Wayahudi wa asili ya Ulaya ya Mashariki mtu mmoja kati ya takriban 40 ana moja ya mabadiliko matatu yaleyale, jambo lililorahisisha utafiti kwao. Lakini uchunguzi wa zaidi ya wanawake 1,100 wenye saratani ya matiti nchini Nigeria, uliochapishwa 2018, uliwakuta asilimia 7 wakiwa na badiliko hatari la BRCA1 na asilimia 4 wakiwa na la BRCA2. Huko ni matiti, si ovari, ila jeni ni zilezile.

Kinachotuhusu sisi kwa namna ya pekee ni kwamba hazina za kumbukumbu za vinasaba zimejaa sampuli za watu wenye asili ya Ulaya. Mwafrika akipimwa, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupewa jibu kwamba badiliko limeonekana ila maana yake haijulikani. Jibu hilo lisitumiwe kuamua upasuaji wala dawa. Mengi ya mabadiliko hayo baadaye huja kuthibitika kuwa hayana madhara.

Bandiko la 9

Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake. Nakubaliana na mleta uzi kwa sehemu kubwa, lakini naona jeni zimepewa nafasi kubwa mno katika uzi huu kuliko zinavyostahili kitandani kwa mgonjwa. Nikiulizwa mgonjwa huyu ataendeleaje, mambo ya kwanza ninayoyatazama ni hatua ya ugonjwa, umri na hali yake ya jumla, na iwapo daktari wa upasuaji aliweza kuondoa uvimbe wote unaoonekana kwa macho. Mgonjwa wa hatua ya tatu aliyebakiwa na mabaki tumboni ana mwelekeo mbaya zaidi kuliko mwenzake aliyesafishwa kabisa, hata kama jeni zao zinafanana. Kisha natazama muda uliopita kati ya kemo ya mwisho na ugonjwa kurudi. Ukirudi kabla ya miezi sita, tuna kazi ngumu.

Nikirudi kwenye jeni, zipo nyingine zinazostahili kutajwa. PTEN na ARID1A hupotea zaidi katika endometrioidi na ya seli angavu, aina ambazo zina uhusiano na endometriosisi, ugonjwa wa tishu kama ya utando wa ndani wa kizazi kuota nje ya kizazi. Mwaka 2010 ARID1A ilikutwa imeharibika katika takriban nusu ya saratani za seli angavu, lakini tafiti za kama inatabiri maisha hazijakubaliana, na binafsi siitumii kumwambia mgonjwa lolote. RB1 ni kioja. Katika saratani nyingi kuipoteza ni dalili mbaya, ilhali katika serosi ya daraja la juu wagonjwa wanaoishi miaka mingi kuliko ilivyotarajiwa wameonekana mara nyingi kuwa na RB1 iliyopotea pamoja na hitilafu ya BRCA. Inadhaniwa kwamba seli hizo zinagawanyika haraka mno na kunaswa na kemo.

Upande wa pili kuna jeni ya SMARCA4. Ipo saratani ya ovari ya seli ndogo inayopandisha kalsiamu kwenye damu, huwapata wasichana na wanawake walio katika umri wa miaka ya ishirini, na mwaka 2014 ilithibitika kwamba karibu zote zimepoteza jeni hiyo. Vinasaba vyake vingine huwa vimetulia kwa namna ya kushangaza, na bado ni miongoni mwa saratani kali kuliko zote za ovari. Jeni moja inatosha.

Bandiko la 10

Daktari na mleta uzi, shikamooni. Mama yangu alifariki miaka michache iliyopita kwa saratani ya ovari, ripoti ilisema serosi ya daraja la juu, p53 si ya kawaida. Hakupimwa BRCA. Shangazi upande wa baba alikuwa na saratani ya matiti. Nina dada wawili. Je, tupime nini, na tuanze na nani?

Bandiko la 11 (mleta uzi)

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Mstari wa p53 kwenye ripoti ya mama uuweke pembeni, hauwahusu ninyi. Neno linalowahusu ni "serosi ya daraja la juu", kwa sababu miongozo ya leo inashauri kila mwanamke mwenye saratani ya ovari ya aina hiyo apimwe BRCA hata kama hakuna mwingine katika ukoo aliyeugua. Habari ya shangazi nayo isidharauliwe: BRCA hurithiwa kwa baba kama inavyorithiwa kwa mama, na wanaume huibeba na kuipitisha kwa kimya.

Njia bora ni kuanza na aliyeugua, hata kama hayupo tena. Maabara nyingi huhifadhi vipande vya kinyama ndani ya bloku za nta kwa miaka kadhaa, na bloku hiyo inaweza kupimwa BRCA. Ikikutwa na badiliko hatari, haitakuwa imethibitika kwamba mama alilirithi, kwa kuwa huenda lilizaliwa ndani ya uvimbe. Lakini ninyi watatu mtapimwa damu kwa badiliko hilo moja tu, ambacho ni kipimo rahisi na cha bei ndogo kuliko kusoma jeni nzima. Atakayekuwa hana ana hatari sawa na mwanamke mwingine yeyote kwa upande wa mama. Bloku ikitoka safi, uwezekano wa BRCA kwa upande huo unapungua sana, ingawa vipimo vya bloku kuukuu huweza kukosa vipande vikubwa vilivyofutika. Kwa upande wa baba, wa kuanza naye ni shangazi kama yu hai. Kama hayupo, baba mwenyewe.

Kama mmoja wenu atakuwa nalo, ushauri wa kawaida ni kuondoa mirija na ovari baada ya kumaliza kuzaa, kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1 na kati ya 40 na 45 kwa BRCA2, jambo linalopunguza hatari kwa kiasi kikubwa mno. Upimaji wa kila mwaka wa damu na picha ya tumbo haujaonyesha kwamba unaokoa maisha. Jaribio la Uingereza lililohusisha wanawake zaidi ya 200,000 lilitoa matokeo yake ya mwisho mwaka 2021 na halikuona vifo vikipungua. Kwa hiyo asiwepo wa kukuambia kwamba kufuatiliwa tu kunatosha.

Kwa sasa itafuteni ripoti ya mama. Juu yake kuna namba ya patholojia. Nendeni nayo hospitali alikofanyiwa upasuaji, muulize kama bloku yenye namba hiyo bado ipo, na muombe kwa maandishi isitupwe hadi mtakapopata pa kuipima.